Mpira Ulionizuilia Maji

Mafundi wa Bungoma, mkiniona na glavu jua likiwaka hivi, msidhani najidai. Nisikilizeni kwanza.

Miaka ya themanini nilikuwa mpiga rangi kwenye karakana ya mabasi Kitale. Nilikaa mtaa wa Tuwan na mke wangu Nekesa, na maringo hayakunipungukia. Basi nililolipiga rangi mimi, ungejitazama ubavuni ukanyoa ndevu.

Chumba chetu cha rangi kilikuwa na mabomba darini, yenye vichwa vya kumwaga maji endapo moto utatokea. Tatizo vilivuja, na tone moja likianguka kwenye rangi mbichi kazi imeharibika. Msimamizi wetu Barasa akakata tyubu kuukuu ya baiskeli, akavifunga vyote kwa mpira, vile sisi hufunga kila kitu, kuanzia mzigo hadi bawaba ya mlango.

"Si imekauka sasa, bana?" akasema. Ilikuwa imekauka kweli.

Alasiri moja nilikuwa naosha bunduki ya rangi kwa thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Swichi ya feni ikatoa cheche, na hewa yenyewe ikashika moto. Nilitazama juu nikingoja maji. Kilichonidondokea begani ni mpira unaowaka.

Barasa alinivuta nje akanizima kwa gunia. Ngozi ya mikono ilikuwa imetoka kama soksi.

Nilihamishiwa hospitali ya huku Bungoma. Nekesa alibaki Tuwan na mtoto mchanga. Niliwekwa kitanda cha mwisho, nyuma ya pazia, kwa sababu nilinuka usaha. Kila asubuhi bandeji zikibanduliwa nililia mbele ya watu wazima. Wageni walisimama mbali, wakainua mkono, wakasema pole, wakaenda. Hata Barasa. Hakuna aliyenigusa ila kunitibu. Upweke ule uliniuma kuliko vidonda.

Vidole vikaanza kushikana. Daktari akasema, "Visipokunjwa na kunyooshwa kila siku, hutashika kitu tena." Lakini nani wa kuvikunja? Wauguzi walikuwa wachache, na mimi peke yangu sikuweza.

Ndipo akaja mama yake Nekesa. Mnajua kwetu mkwe hampi mama mkwe mkono. Tangu nioe tulisalimiana kwa mbali, kila mtu akiangalia pembeni. Siku hiyo alisogeza pazia, akaketi kitandani.

"Mila ingoje huko nje kwanza," akasema. "Lete mkono."

Alinikunja vidole kimoja kimoja, mimi nalia, yeye analia. Akarudi kila siku mpaka nikashika kikombe. Namshukuru Mungu, na baada yake namshukuru mama huyo.

Ushauri wangu ni mfupi. Kichwa kikivuja, kibadilisheni. Msikifunge.

Sasa navua glavu. Njooni mnisalimie kwa mkono, msiogope, vidole haviumi tena. Nimeona kile kichwa cha bomba pale darini kwenu kimezungushiwa mpira. Aliyekifunga aanze yeye.