Nanasi Lililokauka Nje Tu

Mtaani walimwita Mama Polepole, na aliyembandika jina hilo ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye walikuwa wakikausha naye mananasi ya kuuza. Jina lilimkera, lakini angefanyaje? Nanasi halitaki papara. Unalikata vipande vyembamba, unavipanga kwenye nyavu ndani ya kasha la kukaushia, na siku ya mawingu unaweka mkaa kidogo chini yake, wa kupasha tu. Ukizidisha moto, kipande kinajifunga ngozi ngumu kwa nje, maji yanabaki ndani. Haya aliyasema mpaka mate yakamkauka. Wifi mtu aliitikia ndiyo, ndiyo, macho yote kwenye simu.

Safari hii haikuwa ya mzaha. Mwenye duka kubwa la njia panda, aliyewapiga chenga mwaka mzima, hatimaye alikubali kuwapa rafu karibu na mlango. Angepita Ijumaa kuchukua mzigo. Akiupenda, rafu ni yao. Asipoupenda, wanaoitaka wako tele.

Basi Alhamisi, mawingu yametanda, shule ikapiga simu kwamba binti yake ana homa. Mama Polepole akamwachia wifi kasha na kumsihi, tena kwa unyenyekevu, asiuguse moto. Aliporudi jioni alimkuta wifi ameketi kwenye kigoda, miguu kainyoosha, vipande vyote vimeshatiwa kwenye pakiti, vina rangi ya asali safi kabisa. Ameongeza mkaa, alijigamba, na kazi ya kutwa na usiku kucha kaimaliza mchana mmoja.

Mama Polepole alifungua pakiti, akatoa kipande, akakikunja. Ngozi ikapasuka, maji yakamchuruzika kidoleni. Akafungua nyingine: yale yale. Kuvirudisha vipande kwenye kasha ilikuwa kazi bure, maana ngozi imeshajifunga, na mwenye duka anakuja asubuhi.

Wifi akasema mteja hakamui nanasi kama nguo iliyofuliwa, nani atajua?

"Wiki ijayo watajua wote, wifi. Yataota ukungu kwenye rafu yetu."

Asubuhi mwenye duka akaja, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kubeba pakiti. Hapo ndipo palipouma. Mama Polepole alimzuia kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia mzigo haujawa tayari, ampe siku chache. Wifi akamkata jicho hadi basi. Mwenye duka akaweka pakiti chini, akasema yeye habembelezi bidhaa, akawasha gari. Kesho yake rafu ilijaa ndizi za kukaanga za mtu mwingine.

Wifi akanuna. Alizoa pakiti zote akaenda nazo kwake, akitangaza mtaa mzima kwamba Mama Polepole kafukuza riziki kwa maringo yake, na kwamba nanasi hilo watalila watoto wake yeye wifi na wala hawatadhurika. Watu wakamwamini, si walikuwa wameliona lilivyopendeza? Mama Polepole akienda dukani kununua sabuni tu, anaitazama ile rafu, anarudi bila sabuni.

Wiki haijaisha, wifi akaingia uani bila hodi, pakiti mkononi. Akaiweka mezani. Ndani vipande vilikuwa vimevaa manyoya meupe. Hakuomba radhi, hiyo si tabia yake. Akavuta kigoda, akachukua kisu na nanasi, akaanza kukata, vyembamba kweli kweli. Kisha akauliza bila kuinua uso:

"Moto niweke kiasi gani, wifi?"

Miaka yote hiyo Mama Polepole alikuwa akililia swali hilo. Alimwonyesha, akatoa makaa mawili jikoni, akarudisha moja. Kisha akaketi kumsaidia kukata, wala hakuna kati yao aliyeuliza wanamkatia nani.