Nilivyoligombania Kosa Kwenye Pakingi ya Shule

Asubuhi moja mwaka 1995 niligombana na mwanamke mwenzangu pakingini, kila mmoja akikataa kosa.

Muda mfupi baadaye tukagombana tena, pale pale. Safari hii kila mmoja alilitaka kosa liwe lake.

Gari ni zile zile. Kosa ni lile lile.

Nayaandika haya kwa ajili yako wewe mama unayempeleka mtoto intavyu ya shule. Soma mpaka mwisho, usije ukafanya niliyoyafanya.

Mimi naitwa Mbeyu. Mtaani kwetu Tudor walinijua kwa jina la Mama Joy. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, kwa hivyo Joy alipofika umri wa kuanza la kwanza nilikuwa nimeshaamua. Ataingia shule fulani ya Kizingo, yenye miti, vioo vizima na walimu wasiokosa kazini.

Mume wangu Ngowa, mtu wa bandarini, alisema mtoto anaweza kusoma hapa hapa Tudor na dunia isiishe.

Nikamnunia mpaka akanipa funguo za Datsun.

Hapo ndipo alipoteleza. Leseni nilikuwa nayo. Kuendesha nilikuwa bado najifunza.

Mwalimu mkuu wa shule ile sikuwahi kumwona. Niliambiwa tu kuwa ni mwanamke, ni mkali, anaendesha gari yake mwenyewe, na anaweza kumkataa mtoto kwa sababu ya mzazi.

Hilo la mwisho ndilo lililoniua.

Basi nikajipamba nifanane na watu waliosoma. Suti ya wifi yangu Naomi, karani wa benki. Viatu vya wifi, vinanibana. Miwani ya jua juu ya nywele. Kwapani faili, na ndani ya faili cheti cha kuzaliwa cha Joy na kitambaa cha jasho.

Tukafika Kizingo mapema. Nikaona nafasi pakingini, nikaingia upande. Nikaamua kurudi rivasi niingie upya.

Katikati ya kurudi nikamtupia jicho Joy. Mdomoni ana alama ya chai.

Nikatia mate kwenye leso, nikageuka nimpanguse.

Gari inarudi. Mimi napangusa.

Pu.

Haikuwa sauti kubwa, ni kama sufuria iliyoanguka jikoni kwa jirani. Nikashuka. Peugeot nyeupe, nayo ilikuwa ikirudi rivasi kutoka upande wa pili, imekutana na yangu matako kwa matako. Taa yangu ya nyuma imepasuka. Yake imepasuka.

Akashuka mama wa Mji wa Kale. Buibui la kung'aa, bangili za dhahabu, mkononi faili. Nyuma yake msichana mdogo wa rika la Joy, mtandio umemkaa upande.

Ngowa alikuwa amenifunza kwamba ukigongana na mtu usikubali kitu, na wewe ndiwe uanze kusema.

Nikaanza. Nikamwambia gari hurudishwa nyuma kwa kuangalia. Akanijibu kwamba yeye anaendesha tangu mimi nikibebwa mgongoni. Nikasema yangu ilikuwa imesimama. Uongo. Akasema yake ilikuwa imezimwa kabisa. Uongo pia, maana injini ilikuwa bado yanguruma nyuma yake.

"Bibi wee," akasema, "macho umeyaacha nyumbani, ukaja na miwani peke yake?"

"Na wewe, bangili hizo ndizo zilokuzuia kukata usukani?"

Askari wa lango alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anatutazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

Jua likapanda. Viatu vya wifi vikazidi kunila. Nikaishiwa na maneno, na Mkenya akiishiwa na maneno lipo moja humbakia.

"Unanijua mimi ni nani hapa?"

Hakusita hata kidogo.

"Na wewe wanijua mimi ni nani hapa?"



Nikamtazama upya. Faili. Gari yake mwenyewe. Ukali. Moyo ukashuka mpaka ndani ya viatu vya wifi.

Mbeyu, nikajiambia, umemtukana mwalimu mkuu.

"Lakini nikifikiria vizuri," nikasema, sauti imekuwa ya asali, "mimi ndiye niliyerudi bila kuangalia."

Ajabu, naye uso ulikuwa umelainika. "La, la, bibi yangu. Kosa ni langu. Wewe gari yako ilikuwa imesimama."

"Haikusimama. Yako ndiyo ilikuwa imezimwa."

"Haikuzimwa, wallahi. Sikiliza, hiyo yanguruma mpaka sasa."

Nikasema taa zote mbili nitanunua mimi. Akasema atanunua yeye. Nikashikilia. Akanishika mkono. Nikaanza kukasirika upya, maana niliona huyu mwanamke anataka kuninyang'anya kosa langu, na bila kosa hilo sina njia ya kuomba msamaha, na bila msamaha Joy hana shule. Sauti zikapanda tena.

Joy akanivuta suti. "Mama, si ulisema ni yeye?"

Nikamkanyaga kidogo.

"Mkimaliza mje ofisini."

Tukageuka. Alikuwa mwanamke mfupi wa ndala, chaki mkononi, ametoka darasani. "Mimi ndimi mwalimu mkuu. Huko ndani watoto wameshindwa kusoma kwa sauti zenu."

Akatangulia.

Mimi na mama wa bangili tukatazamana.

"Kumbe wewe ni mzazi?" akaninong'oneza.

"Kumbe na wewe?"

Akavuta pumzi, akaliweka sawa buibui lake. "Basi kosa ni lako."

"Ni lako wewe," nikamjibu.

Tukaingia ofisini hatusemeshani.

Baadaye nilimwuliza yule askari kwa nini hakutuambia kwamba kati yetu hakuna mwalimu mkuu. Akasema, "Mlikuwa mkisikilizana vizuri, sikutaka kuwakatiza."

Mle ofisini mwalimu mkuu, Bi Wanza, hakutuuliza sisi chochote. Aliwaambia watoto wamweleze walichokiona asubuhi ile.

Nikaomba Mungu Joy aseme ameona maua.

"Mama alikuwa akinipangusa mdomo kwa mate," Joy akasema, "halafu gari ikagonga."

"Na mama alikuwa akinifunga mtandio," akasema yule mwingine, Nasiha.

Kesi ikaisha hapo. Gari mbili zilikuwa zikirudi nyuma, na madereva wote wawili walikuwa wakipamba watoto.

"Sasa kosa ni la nani?" mwalimu akawauliza.

Joy akanielekezea kidole. Nasiha akamwelekezea mamake, Bi Tumu.

Mwalimu hakucheka. Akasema tutaletewa majibu. Nami nilijua mtu akikwambia utaletewa majibu, ameshakujibu.

Tukatoka. Nilikuwa nimesimama kando ya Datsun nawaza nitamwambia nini Ngowa, Bi Tumu naye akiokota vioo vyake, Bi Wanza alipotoka na mkoba kwenda mkutanoni mjini. Akaingia kwenye kigari chake. Akarudi rivasi.

Pu.

Mlango wa Datsun ukaingia ndani.

Akashuka, akautazama. "Mama Joy," akasema, "umeegesha vibaya."

"Ni kweli, mwalimu. Kosa ni langu."

"Nami nimeshuhudia," Bi Tumu akadakia, bila hata kuulizwa. "Ni lake."

Nilikuwa tayari kulibeba, na mlango, na hasira za Ngowa, na chochote kingine, mradi jina la Joy lisifutwe.

"Lakini mwalimu," Joy akasema, "gari yetu haina mtu ndani."

Nikautafuta mguu wake niukanyage, nikakanyaga changarawe.

"Ndiyo," Nasiha akasema. "Ilikuwa imesimama."

Nikaiona Kizingo ikiondoka na miti yake.

Bi Wanza aliwatazama watoto. Kisha akautazama mlango, kisha akatutazama sisi, watu wazima wawili wenye faili.

"Kosa ni langu," akasema. "Mlango nitautengeneza."

Akafungua gari yake. Alipokuwa ameshaketi akashusha kioo.

"Hawa wawili waje Jumatatu. Mama zao waje kwa miguu."

Nikaenda kwa miguu, Tudor mpaka Kizingo, mwaka mzima. Bi Tumu nilikuwa nikimkuta langoni, naye ametoka Mji wa Kale kwa viatu vyake mwenyewe. Tulipatana. Suala la taa halijaisha mpaka leo.

Basi mama mwenzangu, sikiliza. Mtoto akiwa na chai mdomoni, simamisha gari kwanza. Na kama umemfunza kusema kweli, usimkanyage siku anapoisema. Mimi nilikuwa karibu nimkoseshe shule mwanangu kwa kuogopa atakosa shule.

Joy sasa ana gari yake. Juzi alikuwa akinipeleka soko la Marikiti, nikaona kola yake imekunjika. Nikanyoosha mkono.

Akawasha indiketa. Akaegesha kando, akazima injini, akavuta breki ya mkono.

"Haya mama," akasema. "Sasa nitengeneze."