Wanataka nimvishe mjukuu wangu kichupa cha hawara

Admin, ficha jina langu, ila maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni bibi wa miaka sabini na tatu, shule niliishia darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja, mkiona makosa nyamazeni. Kwetu ni Busi, Kondoa. Tangu mume wangu afariki naishi kwa mwanangu hapa Chang'ombe, Dodoma. Mjukuu wangu anasema ukurasa huu ni wa wambea, kwa hiyo hatauona.

Huyo mjukuu ndiye shida yangu. Kasoma mpaka chuo, kazi hana. Anatafuta vichupa vya zamani vya marashi, vile vidogo vyenye kizibo cha kioo, anavizungushia waya wa shaba, fundi wa Kizota anamchomea kipete juu, anatia shanga, anaita mkufu. Eti ni "vinteji". Na wanawake wa maofisini, watu wazima, wananunua chupa tupu wananing'iniza shingoni kama mbuzi aliyefungwa kengele. Mimi nilinyamaza. Ujinga wao, shingo zao.

Mpaka siku nilipoona kwenye simu yake kichupa changu mimi. Kakitoa sandukuni mwangu bila hodi, kakivalisha waya, anawatangazia watu: "Hiki babu alimletea bibi yangu kutoka mnadani. Bibi amekitunza maisha yake yote. Ukinusa, bado kina harufu ya mapenzi." Chini watu wanalia, wanatuma mioyo.

Harufu ya mapenzi! Nilikuwa na mimba ya baba yake huyo huyo binti. Mume wangu karudi mnadani, nafua koti lake, mfukoni nakuta marashi yamefungwa kwa leso ya kike. Namuuliza, "Hii nini?" Eti, "Dawa ya macho ya ng'ombe." Nikamwambia, "Vizuri, twende zizini." Nikammiminia dume letu marashi yote mgongoni, likanukia kama bibi harusi, na yeye kasimama pale anaangalia kwato, hana hata ujasiri wa kusema usimwage. Mwanamke mwenyewe nilimjua, muuza togwa wa pale pale mnadani. Kichupa nikakisimamisha dirishani, mbele ya kitanda, akione akilala na akiamka. Alikiona mpaka anakufa, ndipo nikakitia sandukuni. Polisi wanaita kidhibiti.

Sasa binti anaolewa. Hicho kichupa hakiuzi, atakivaa siku ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga, na mimi ndiye nimvishe, nishike kipaza sauti niseme, "Mjukuu wangu, ndoa yako iwe kama yangu." Nikamuuliza, "Nani kakwambia babu yako alininunulia mimi?"

Akanikumbatia anacheka. "Mke mwenzangu, acha wivu! Kama hukukipenda, ulikitunza cha nini?"

Mke mwenzangu! Najua ni utani wa bibi na mjukuu, tumetaniana hivyo tangu anatambaa. Lakini siku hiyo ulinichoma, maana mke mwenza wa kweli ndiye aliyekuwa mwenye marashi. Watoto wa siku hizi wanadhani mtu hutunza anachokipenda tu.

Nikamweleza mwanangu yote. Akainamisha kichwa. "Mama, marehemu hasemwi. Sema hayo maneno mawili, ukae." Nikamtazama, nikamwona baba yake kasimama zizini.

Maneno mawili! Mimi ndoa yangu naijua. Na huyo binti, pamoja na upuuzi wake wa waya na shanga, hakuna ninayempenda kama yeye nyumba hii. Nikiwaambia ukweli pale ukumbini, nimemharibia siku yake na nimemwaibisha mwanangu. Nikisema ndoa yake iwe kama yangu, wote watapiga vigelegele, na mimi peke yangu nitajua kwamba nimemlaani.

Sendofu ni Jumamosi. Haya, nyie mnaojua kulilia chupa tupu, leo nipeni akili: nikishika hicho kipaza sauti, niseme nini?