Mdudu Mwenye Kichwa cha Jembe

Juzi mjukuu wangu kaniletea ua la kwenye kopo, kalinunua barabarani, akaliweka barazani. Nikalinyanyua nifagie chini yake. Mwenzangu, kumbe pana mdudu. Kajilaza pale, mwembamba kama kamba ya kiatu, anang'aa kwa ute, mistari myeusi mgongoni, kichwa kimepanuka kama jembe. Papo hapo nikarudi uani kwetu Kariakoo, mtoto wa miguu mitupu, naogopa kukanyaga chini.

Nyumba ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba. Wapangaji nawakumbuka wote. Mzee Saidi, fundi wa reli pale mtaa wa Gerezani. Bi Mwanaidi, muuza samaki wa kukaanga. Na chumba cha mwisho, Mama Sikudhani na mumewe, aliyekuwa akitunza bustani ya Mzungu. Asubuhi ua mzima ulinukia vitumbua vya Mama Sikudhani, na mimi na binti yake tuligombania kile cha kwanza, kilichoungua kingo.

Mzungu alipohama, mume akarudi na ua la majani mapana ndani ya debe. Wakaliweka kivulini, karibu na mtungi wa maji. Masika ilipoanza, ndipo tukawaona wadudu hao chini ya debe. Nyungunyungu tuliwazoea, lakini hawa walikuwa wakiwazongazonga hao nyungunyungu na kuwala, unabaki ute tu. Mzee Saidi akamkata mmoja kwa panga. Vipande vikatambaa, kila kimoja na njia yake.

"Kitu kisichokufa kimetumwa hicho," akasema Bi Mwanaidi. "Na kichwa cha jembe! Kinataka kumchimbia nani kaburi?"

Maneno hayo hayajapoa, mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa bado anatambaa, akashikwa na homa kali.

Basi pakaharibika. Vitumbua vikawa havinunuliwi. Na kwa kuwa yule mdudu hakuna aliyemjua jina, watoto wakampa la mwenye debe. "Mama Sikudhani huyo, ruka! Atakuchimbia!" Sikudhani anasikia, anainamisha kichwa. Mimi kila nikiamka nilitazama kwanza kifua cha Hamisi kama kinapanda na kushuka, halafu pazia la mlango wao kama bado lipo. Nilivitaka vyote viwili.

Mama yangu akamwambia bibi, "Mama, asipoondoka yule, nitaondoka mimi na mwanangu."

Bibi akamwita Mama Sikudhani. "Mwanangu, sina neno na wewe. Lakini nyumba imekukataa."

"Hata mimi nawaogopa, bibi," akajibu. "Chooni kwenyewe siendi bila mitalawanda miguuni."

Bibi akatazama pembeni.

Wakahamia Magomeni, mama na debe lake kichwani, Sikudhani nyuma na karai la vitumbua. Hakugeuka. Hamisi akapona, na kila mtu akasema, mmeona?

Masika iliyofuata wadudu wakatoka tena nyuma ya mtungi, wengi kuliko mwanzo. Bibi aliwamwagia chumvi peke yake, hakumwita mtu. Chumba kile hakukipangisha tena mpaka anakufa.

Sasa pale pana ghorofa la maduka ya vitambaa, na ua wetu wote umefunikwa saruji. Mzee Saidi hayupo, Bi Mwanaidi hayupo. Sikudhani sikumwona tena. Magomeni nimepita mara nyingi, kila harufu ya vitumbua nageuka.

Mjukuu wangu alimpiga picha yule mdudu, akatafuta kwenye simu yake. Anasema ametoka mbali huko, Bara la Asia, anasafiri kwenye udongo wa maua, anakula nyungunyungu, na, nilipomuuliza, homa ya mtoto haimhusu. Akaniuliza, "Bibi, kwa Kiswahili anaitwaje?"

Mimi ninayekumbuka jina la kila aliyelala katika nyumba ile, nikamwambia hana jina.