Mkono Uliomwimbisha Soprano wa Ngagara

Mi sipendi kuambiwa foto yangu ni mbaya. Nasema mapema ili tusizungushane. Nimepiga foto hapa Buyenzi, Bujumbura, tangu nikiwa msichana, kwenye studio ya marehemu baba, na waliokaa kwenye kile kiti changu siwezi kuwamaliza: maharusi, watoto wa akika, wazee wanaojiandaa kwenda Maka, mabwana wa Ngagara wanaotaka waonekane wakubwa kuliko ofisi zao. Wote walichukua foto zao wakashukuru wakaenda. Hakuna aliyewahi kunirudishia kazi yangu mpaka alipokuja yule binti wa kuimba.

Alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa serikali, amekulia Ngagara, na tangu udogo wake alikuwa kwenye kwaya ya kanisa, upande wa soprano, ile sauti ya juu ya kike. Lakini yeye hakuishia kwenye nyimbo za Jumapili. Sista mmoja mzee mwenye piano alikuwa amemfundisha kwa miaka ule uimbaji wa klasiki, ambapo mtu anasimama peke yake mbele za watu, bila kelele za ngoma wala gitaa, bila kipaza sauti, na sauti yake inajaza ukumbi. Aliponieleza nilicheka.

"Bila mikro?" nikamuuliza.

"Bila mikro, mama."

"Na watu wa nyuma je?"

"Watanisikia."

Alilisema hilo akiangalia viatu vyake, kwa sauti ndogo mpaka nikamwambia arudie. Nikajisemea moyoni, yebabawe, huyu hata kondakta wa basi hatamsikia.

Shida yake ilikuwa hii. Ukumbi mmoja wa mjini ulikuwa umempa Jumapili moja, saa kumi za jioni, afanye onyesho lake la kwanza. Sio la kwaya. Lake mwenyewe. Ila mkuu wa ukumbi alikuwa na wasiwasi kwamba watu wa Bujumbura hawaujui muziki ule, na mtu hatoki kwake Jumapili kwenda kusikiliza kitu asichokijua. Kwa hiyo, alisema, uso wa kwenye afishi, lile tangazo la ukutani, ndio utakaowaleta watu. Alitaka foto itakayomsimamisha mtu barabarani. Isipopatikana, Jumapili ile angempa mwimbaji wa harusi mwenye sinte yake, kile kinanda cha umeme, ambaye mji mzima unamjua. Ndipo binti akaja kwangu, kwa sababu nilikuwa nimempiga foto dada yake siku ya harusi.

Nikamwambia, "Hapa umefika."

Foto za kwanza nilimvalisha imvutano, lile vazi la heshima la kina mama wetu, nikamkalisha mbele ya pazia langu la maua, mikono juu ya mapaja, kidevu chini kidogo. Alipendeza mashallah. Niliziangalia mara mbili nikajipongeza. Siku ya pili binti akarudi na jibu la mkuu wa ukumbi. Aliuliza: huyu anaolewa lini?

Nilikasirika nikamwambia binti amwite huyo bwana aje anioneshe anavyopiga yeye. Halafu nikatulia, nikafanya nyingine. Safari hii gauni jeusi, ukuta mweupe, hakuna ua, hakuna pazia, uso tu. Jibu likaja: nzuri sana, akaombee paspoti. Wallahi siku hiyo chakula kilinishinda. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nilizifungua tena zile foto peke yangu, nikamwona binti mzuri aliyekaa kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.

Sisi huku ndivyo tulivyo mbele ya kamera. Mama anayechekesha mtaa mzima, ukimwelekezea kamera anashika pumzi. Mtoto anayepanda kuta anakuwa mpole ghafla. Na mi nilifunzwa na baba kwamba foto ya heshima ni ya mdomo uliofungwa na mtu aliyetulia. Mdomo wazi hatumpi mteja, maana atakuja kukugombeza mbele ya watu. Ukimwambia mtu wa Bujumbura "tulia", anatulia kweli kweli, na huyu binti alitulia kuliko wote niliowahi kuwapiga.

Mkuu wa ukumbi akasema ya tatu ndiyo ya mwisho. Alitaka iwe mezani kwake Ijumaa, baada ya sala, ili afishi iende kuchapwa siku hiyo hiyo.

Ijumaa asubuhi binti akaja kwa miguu kutoka Ngagara, kwa sababu wiki ile petroli ilikuwa haionekani na mabasi yalikuwa yamelala. Vumbi mpaka magotini. Kwenye mfuko wa plastiki alikuwa na gauni la kijani kibichi ambalo mama yake alimshonea kwa ajili ya ile Jumapili. Nikampa maji akanawa miguu, akavaa, akajiangalia kwenye kioo changu.

"Mama," akasema, "leo ikishindikana, mi nitarudi tu kwaya. Haina shida."

Akatabasamu. Lile tabasamu liliniuma. Afadhali angelia, ningejua la kumwambia. Nikamjibu kwa ukali, "Nani amekuambia itashindikana? We simama pale."

Ile anasimama tu, umeme ukakatika. Taa zangu zote zikazima. Basi nikafungua mlango wa mbele mpaka mwisho ili mwanga wa nje uingie, nikamgeuza binti autazame mlango, na mi nikasimama mbele yake na kamera kwenye miguu yake mitatu, mgongo wangu ukielekea barabarani. Mwanga ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Lakini pamoja na mwanga ziliingia na kelele, maana ng'ambo ya barabara yetu kuna gereji, na siku ile mafundi walikuwa wananyoosha mlango wa lori kwa nyundo.

Nikamwambia binti, basi imba, nikupige ukiwa unaimba. Akaimba kidogo, kwa woga, nikapiga. Tukaangalia. Mdomo wazi, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imesimama. Utadhani anang'olewa jino.

"Futa, mama! Futa, futa!" akafunika uso.

Nikafuta. Nikamwambia afunge mdomo atulie. Akatulia, na wale mafundi nao ngo! ngo! ngo! Binti akashtuka, foto ikaharibika. Nikageuka nikapiga kelele, "Jameni, dakika mbili tu!" Wakanyamaza kidogo. Nikarudi kwenye kamera, nikamweka kidevu, nikamweka mabega, ngo! ngo! Nikawapigia kelele tena. Wakasema pardon mama, wakaendelea. Ijumaa ile nao walikuwa wanataka wamalize lile lori kabla ya kwenda msikitini.

Mara ya tatu hasira zikanipanda kichwani. Kidole cha kulia kiko kwenye kamera, mkono wa kushoto nikauinua juu kabisa, kiganja wazi, nikageuza kichwa barabarani ili niwaambie mafundi maneno ambayo binti wa kanisa hakupaswa kuyasikia. Kabla sijafungua mdomo nikasikia kitu nyuma yangu. Nilisikia pumzi. Pumzi moja ndefu ikiingia kwa mtu.

Nikageuka. Binti alikuwa ameinuka mahali pale pale aliposimama. Mgongo umenyooka, mabega yameshuka yenyewe, kifua kimejaa, midomo imeachana kidogo tu, na macho yameukazia mkono wangu, yanawaka. Hakuwa yule wa paspoti. Alikuwa mtu mwingine kabisa, mrefu, asiyemwogopa mtu yeyote. Sikufikiri. Kidole kikabonyeza.

Halafu nikashusha mkono, na mkono uliposhuka, akaimba.

Sijui nieleze vipi. Studio yangu ni ndogo, na ile sauti haikukaa ndani. Ilinipita kifuani ikatoka mlangoni ikavuka barabara. Nyundo zikanyamaza. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mi sikujua hata Kizungu gani kile alichokuwa anaimba, na machozi yananitoka.

Akamaliza ubeti mmoja akakatisha, akashika mdomo. "Nisamehe, mama. Uliinua mkono."

"Niliinua mkono niwatukane wale!"

"Ah! Kumbe?" Akaanza kucheka. "Kwetu kwaya, mukono ukipanda unavuta pumzi. Ukishuka unaimba. Haujiulizi. Mi niko nafanya vile tangu niko mutoto mudogo, hata mutu akiita teksi, pumzi inaingia yenyewe."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia watu tulia, tulia, na huyu alihitaji tu mtu wa kumwinulia mkono. Kutoka ng'ambo fundi mmoja mwenye grisi mpaka kwenye nyusi akapaza sauti, "We mama, mbona ameacha? Aendelee!"

"Nyinyi si mlikuwa mnagonga?"

"Apana, tumeacha! Mwambie aendelee!"

Nikainua mkono tena, na tena. Kila ulipopanda, yule mtu mrefu alikuja, na mi nikampiga. Mafundi walisimama mlangoni kwangu, nyundo zikiwa mkononi, mpaka adhana ikawaondoa. Lakini kati ya foto zote za asubuhi ile, iliyozishinda nyingine ilikuwa ile ya kwanza. Imepinda kidogo, kwa sababu nilikuwa nimegeuka nusu. Sikuinyoosha.

Safari hii sikumtuma binti. Nilivaa kitenge changu kizuri nikaipeleka mwenyewe. Mkuu wa ukumbi akaishika, akanitazama.

"Huyu ni nani?"

"Ni yule yule wa paspoti."

Akaiangalia tena, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. "Mbona kama anataka kuanza kuimba sasa hivi?"

"Basi na wewe usubiri Jumapili," nikamwambia, "kama watu wengine."

Afishi zikatoka. Niliziona Kanyosha, kusini mwa mji, kwenye ukuta wa duka la dawa, nikaambiwa ziko mpaka Mutakura kule kaskazini. Wale mafundi waliomba moja wakaibandika kwenye geti la gereji, na ole wake mteja aliyeiegemea. Watu walisimama. Niliwaona kwa macho yangu, mtu anapita, anarudi hatua, anaiangalia, kama anangoja kitu kitoke kwenye karatasi.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama nyuma. Wanakwaya, masista, watumishi wa Ngagara na wake zao, na huko nyuma kabisa mafundi wangu, wameoga, wamepiga pasi, mmoja na kanzu nyeupe. Mi nilikaa mstari wa mbele na kamera mapajani. Nilikuwa nafuta lenzi tena na tena, utadhani mi ndiye wa kuimba.

Binti akatoka na gauni la kijani. Watu wakapiga makofi, makofi yakaisha, piano ikaanza. Ikafika mahali pa yeye kuingia, hakuingia. Mpiga piano akaurudia ule utangulizi tangu mwanzo. Nikamwona binti anaangalia viatu vyake. Nikajua. Maisha yake yote kulikuwa na mtu mbele yake wa kumwinulia mkono, na leo mbele yake palikuwa patupu. Nyuma mtu akaanza kukohoa. Pembeni nikamwona mkuu wa ukumbi anajifuta jasho shingoni. Piano ikawa inakaribia tena mahali pale pale.

Nikasimama. Sikujali nani anakaa nyuma yangu. Nikauinua mkono wa kushoto juu kabisa, kiganja wazi, kama siku ile ya hasira.

Akauona. Ile pumzi nikaisikia nikiwa pale pale chini. Mgongo ukanyooka, macho yakawaka, na ukumbi mzima ukaguna, kwa sababu aliyekuwa amesimama pale mbele sasa alikuwa yule wa kwenye afishi. Nikashusha mkono.

Aliimba. Aliimba wimbo wote bila kunitazama tena, wala hakuhitaji. Nilikaa chini polepole, nimejawa na furaha, kamera nimeisahau. Alipomaliza, watu walitazamana, hawajui kama inaruhusiwa kupiga makofi kwenye muziki wa namna ile. Ndipo ikatoka sauti nzito kule nyuma kabisa, sauti niliyoizoea ikiniambia pardon mama.

"Dada! Huku nyuma tumekusikia!"

Ukumbi ukalipuka. Na binti akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi mpaka meno ya mwisho yakaonekana. Mikono yangu ikakumbuka kazi yake, nikampiga.

Hiyo ndiyo iliyoko ukutani kwangu sasa, mahali palipokuwa na pazia la maua. Mdomo wazi, ndiyo, nimeona. Atakayeniambia ni mbaya, mlango uko pale.