Koti Lililoanuliwa Mvuani Bungoma

Gathii wa mizani hakuwa mtu wa usingizi mzito hata utotoni. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa akisikiliza. Wazazi walimleta Saboti akiwa bado wa kubebwa mgongoni, wakitoka upande wa Nyeri na majembe na kuku waliofungwa miguu, na tangu apate akili yeye ndiye aliyekuwa akiamka kuangalia kama zizi limefungwa. Alisoma mpaka darasa la saba, karo ikakataa, akaingia kazi Kitale kwa kampuni moja ya mahindi, akapewa mizani ya malori. Hapo akazeekea. Watu walimheshimu kwa sababu hakujua kupendelea. Lakini dereva akisema tu, "Mzee, angalia tena, hiyo si kweli," basi Gathii hakutulia mpaka jioni. Aliangalia tena, na akaangalia tena dereva akiwa ameshafika Endebess.

Kwa hivyo mwaka ule wa 2006, kampuni ilipochagua watu wa semina ya kuchunguza ajali kubwa, wenzake walicheka. "Wamepata mtu wao," wakasema. "Huyu atachunguza mpaka Yesu arudi."

Semina ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa hapo Kitale. Mwalimu aliitwa Lorna, mama mpole mwenye sauti ya chini, hata ilibidi watu waache kutafuna ili wamsikie. Aliwafundisha kwamba ajali ikishatokea na majeruhi akishaondolewa, kila kitu kibaki pale pale kilipo. Aliwafundisha kuongea na kila mtu peke yake. "Usimuulize nani alikosa," akasema. "Muulize alikuwa wapi, alifanya nini, aliona nini. Halafu unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu."

Wakati wa chai, Lorna alipita karibu na meza, kiwiko chake kikagusa jagi ya maziwa, jagi ikaanguka ikapasuka. Akatoka nje kama mtu asiyejua. Aliporudi akasimama mbele yao. "Haya, wachunguzi. Niambieni jagi ilivunjikaje."

Wakatazamana. Vigae vilikuwa vimefagiwa, maziwa yamepigwa deki, na kuna mtu alikuwa ameshaleta jagi nyingine kutoka kwa jikoni ya kasisi.

"Nani alifagia?"

Gathii akainua mkono. Kitambaa kilikuwa bado kimo mkononi.

"Baba, nilisema nini asubuhi?"

"Ulisema tusiguse. Lakini mwalimu, mgeni akivunja kitu kwako, si unakiondoa mbio asione aibu?"

Ukumbi ukacheka, na Lorna akacheka pia. Kisha akasema polepole, "Ushahidi mwingi hauibiwi. Unafagiwa na watu wazuri." Maneno hayo yakamwingia Gathii kama mwiba wa mchongoma, ule unaokatikia ndani.

Mvua za Aprili zilikuwa zimeshika aliposikia ajali imetokea kwa ghala la kampuni huko Bungoma. Na kwa sababu sheria ilikuwa mtu asichunguze mahali pake mwenyewe, akaambiwa, "Mzee, wewe ndiye utaenda." Hakula chakula cha jioni siku hiyo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Ghala la Bungoma lilikuwa na silo, lile pipa kubwa la bati la kuwekea mahindi. Mahindi yakipata unyevu hushikana juu kama ugali ulioganda, na lazima mtu aingie ayavunje kwa mti. Chini kuna mashine ya kuyavuta yatoke yaingie kwa lori. Kipruto, kijana wa Mlima Elgon aliyehamishwa kutoka Kitale, alikuwa ndani akivunja. Mwenzake Wekoye, mtu wa Bungoma hapo hapo, akawasha mashine. Mahindi yakaanza kushuka na Kipruto akashuka nayo. Kilichomwokoa ni kofia. Ilitokea huku chini katikati ya mahindi, Wekoye akaiona, akazima, akapanda ngazi akipiga mayowe. Walimkuta amezama mpaka kidevuni. Sasa alikuwa hospitalini, mbavu zimevunjika na kifua kimejaa vumbi.

Kama ingekuwa ni hayo tu, Gathii angalau angelala. Lakini Kipruto na Wekoye walikuwa wamegombana kabla ya Pasaka juu ya nani apewe likizo, na Wekoye alikuwa amesema mbele ya watu, "Wewe utanitambua." Basi mji mzima ulishaamua. Ati alimkusudia. Na mwaka ule watu wa mlimani na watu wa bondeni walikuwa wameshaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Neno moja baya lingetosha. Polisi walikuwa wamemwambia Wekoye aripoti kituoni kila asubuhi mpaka kampuni ilete ripoti yake, na ripoti ikisema alikusudia, asubuhi hiyo asingerudi nyumbani.

Meneja wa ghala, Kiragu, alimpokea akiwa amesimama. "Mzee Gathii, mambo ni rahisi. Ijumaa nataka jina."

"Nitajaribu, meneja."

"Si kujaribu. Jina liko, ni kuandika tu."

Gathii alianza na hospitali. Kipruto alikuwa ameegemezwa mito, anaongea kwa vipande. "Mzee, wewe ni wa Kitale. Unajua koti."

Gathii alijua. Huko Kitale, mtu akiingia silo hutundika koti lake kwenye kishikio cha swichi. Anayekuja na kukuta koti, hagusi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuwa desturi tu, hata mpishi aliijua. Kipruto alikuwa ameipeleka Bungoma, akamfundisha Wekoye.

"Ulilitundika?"

"Nililitundika. La kijivu, lenye kiraka kwa kiwiko. Nikapanda peke yangu, maana meneja alisema watu ni wachache. Mimi si mtoto."

Kisha akamtafuta Wekoye, akamkuta nje ya lango la ghala, maana alikuwa amesimamishwa kazi na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Macho yalikuwa mekundu.

"Mulembe, Wekoye."

"Mulembe, mzee. Umekuja kunimalizia?"

"Nimekuja unieleze ulikuwa wapi."

"Lori lilikuwa linangoja, mvua inapiga. Nikafika kwa swichi. Mzee, koti halikuwepo. Nikaita, 'Kuna mtu huko?' Lakini mvua na bati, unasikia nini? Nikawasha." Akatazama mikono yake. "Lile neno nililisema, sikatai. Ni hasira ya likizo, bana. Nani anaua mtu kwa likizo? Na sasa ananisingizia ati alitundika koti."

Gathii akazunguka lile ghala na moyo mzito. Swichi ilikuwa ukutani nje, chini ya upenu mfupi ambao haukuzuia chochote. Sakafu ilikuwa imeoshwa. Mahindi yalikuwa yamezolewa. Watu wazuri walikuwa wamepita. Koti halikuwa popote, na wafanyakazi aliowauliza, mmoja mmoja, walimpa jibu moja: hawakuliona. Mmoja alidanganya, mwenye koti au mwenye kuwasha, ndivyo ilivyoonekana. Na kila alipojiambia ni huyu, uso wa yule mwingine ulimjia. Kuandika "sijui" ni sawa na kumwandika Wekoye, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa linangojwa. Huko alikolala, Gathii aliinuka kuangalia kama mlango umefungwa, akasahau, akainuka tena.

Alhamisi asubuhi moshi ulionekana kwa jikoni ya ghala, iliyokuwa imefungwa tangu siku ya ajali. Mpishi, Mama Peris, mgeni wa kazi aliyeajiriwa mwaka huo, alikuwa amekwenda Misikhu kwenye matanga ya shemeji yake jioni ile ile, na ndiyo sasa alikuwa amerudi.

"Mulembe, mama."

"Mulembe sana, mzee. Keti. Ati wewe ndiye polisi wa kampuni?"

"Mimi ni wa mizani tu."

"Basi nipime. Matanga ya Misikhu yalikuwa na watu wengi na chakula kidogo." Akammiminia chai. "Nasikia kijana alitumbukia. Pole yake. Niliondoka wakimkimbiza hospitali, hata sikujua ni nani."

Gathii alitaka kumuuliza kama alivyowauliza wengine. Lakini chai ile ilikuwa na maziwa mengi, na yale maziwa yakamkumbusha jagi, na kitambaa mkononi mwake mbele ya mwalimu. Swali likageuka likiwa ulimini.

"Mama, siku ile, kabla uende Misikhu, kuna mtu ulimsaidia?"

"Kumsaidia? Si ndiyo kazi yangu. Mvua ilikuja na upepo, nikakimbia. Nikaanua aproni zangu, nikaingiza makaa, nikakuta na koti la mtu limeachwa nje linanyeshewa. Wanaume nao. Nikalianua pia." Akaelekeza kidole. "Liko hapo nyuma ya mlango. Na mwenyewe hajakuja hata kusema asante."

Lilikuwa la kijivu. Kiwiko kilikuwa na kiraka.

"Lilikuwa wapi, mama?"

"Kwa kile chuma cha ukutani, pale kwa silo."

Mwalimu alikuwa amefundisha kunyamaza, na Gathii akanyamaza, ila safari hii si kwa ufundi. Kila mtu Bungoma mvua ikishuka huanua nguo ya jirani. Asiyefanya hivyo anaitwa mchawi. Huyu mama alifanya alivyolelewa, na alikuwa anaisimulia sifa yake kwa mchunguzi, anangoja aambiwe asante.

Angeweza kubeba koti akaenda zake. Wekoye angekuwa amepona hapo hapo. Lakini mama huyu angelisikia kutoka dirishani, kutoka kwa vinywa vya wapakiaji, akiwa na mwiko mkononi.

"Mama Peris, keti chini."

"Si nimekaa."

"Weka kikombe kwanza." Akamwambia. Alimwambia koti lile lilikuwa linasema nini pale ukutani, na nini kilifuata lilipoondoka. Aliongea akitazama sakafu.

Mama Peris hakulia. Alikunja aproni, akaikunjua. "Kwa hivyo ni mimi."

"Si hivyo."

"Ni vipi basi?" Akalitazama lile koti. "Wekoye anajua?"

"Bado."

"Basi twende nimwambie mwenyewe. Asiambiwe na meneja."

Wakamkuta langoni. Mama Peris akasema maneno machache kwa lugha yao, na Wekoye akakaa chini kwenye jiwe kama aliyesukumwa. "Lilikuwepo?" akauliza. Kisha akafunika uso kwa viganja. "Mimi nilishaanza kumuombea Kipruto mabaya, mzee. Usiku na mchana namwita mwongo."

Kwa Kiragu mambo hayakuwa laini. "Vizuri," akasema, akavuta simu karibu. "Mama wa jikoni. Leo aende nyumbani, na polisi wajue."

Gathii hakuwahi kumbishia meneja maishani mwake. "Meneja, huyo mama hakuambiwa koti ni nini. Nani alipaswa kumwambia?"

Kiragu akaanza kubonyeza namba.

"Koti si kufuli," Gathii akaendelea. "Hata Kitale tunatundika koti. Ni Mungu tu ametuficha. Jina la Peris nitaandika, kwamba alianua koti mvua ikinyesha. La Wekoye, kwamba aliita na hakusikia. La Kipruto, kwamba aliingia peke yake. Na lako, kwamba ndiwe ulisema aingie peke yake, watu ni wachache."

"Unaniandika mimi?"

"Ukiniambia hukusema, nitaandika hukusema."

Mkono wa Kiragu ukatoka kwa simu.

Polisi walisoma ripoti, wakamwambia Wekoye asirudi tena kuripoti. Kipruto aliposikia habari ya koti alicheka mpaka mbavu zikatoneka, akaomba aletewe, akajifunika nalo pale kitandani. Maneno ya mjini hayakuisha siku moja, lakini watu waliona Wekoye akipeleka uji hospitalini, na hilo lilizima mengi. Kufuli zikaja, Bungoma na Kitale, kila anayeingia silo akifunga swichi na kutembea na ufunguo shingoni.

Ila Mama Peris hakurudi jikoni. Hakuna aliyemfukuza. Alikaa kwake, na mvua ikija haendi nje, hata nguo zake mwenyewe zikalowa kwenye kamba. Gathii akiwa Kitale alisikia hayo kutoka kwa dereva, na usingizi ukampotea tena. Akajiuliza kama alisema vibaya siku ile, kama kulikuwa na njia nyingine ya kusema.

Kisha dereva yule yule akapita na mahindi mengine. "Mzee, habari za Bungoma njema. Wekoye alienda kwa yule mama."

"Akamwambia nini?"

"Ati alimkuta mlangoni, mvua inaanza, nguo ziko kwa kamba, mama anaziangalia tu. Wekoye akaanza kuzianua yeye. Akamwambia, 'Mama, rudi. Huyu aliyewekwa mahali pako anatupikia chai kama maji ya mto.' Na mama akarudi."

Gathii akaandika uzito wa lori. Dereva akawasha injini, akangoja mzee aangalie mizani tena kama kawaida yake. Gathii akampungia mkono apite.