Pima Kumi na Tisa

Shemeji yangu alipima visima vya jangwani kwa miaka thelathini na moja, peke yake, kwa miguu, na hakuna aliyempigia makofi. Siku hizi watu huvuka jangwa lilelile na mahema mepesi kama leso, wakirudi wanalisimulia mwaka mzima. Yeye alikuwa akirudi ananawa miguu na kuulizia chai.

Tulimwita Pima, kwa kipimo alichokitumia. Alishusha kamba yenye kopo zito hadi iguse maji, akafunga kitambaa chekundu pale ilipokutana na ukingo, akaivuta, kisha akaihesabu kwa mikono aliyoitanua: kuanzia ncha za vidole vya huku hadi ncha za vidole vya kule, pima moja. Kisima cha mwisho, mwendo wa siku mbili kutoka barabarani, kilikuwa pima kumi na tisa tangu ujana wake. Ofisi ya maji iliandika hivyo daftarini na ramani ikachorwa hivyo. Neno la mtu lilitosha.

Mwaka huu, yeye akiwa amestaafu zamani, karani wa ofisi hiyo alimpigia simu. Ramani mpya inachapwa, na kisima kile hakionekani kwenye picha za angani. Gari halipiti mchanga ule, na hakuna mfanyakazi aliyekubali kutembea.

"Mzee, tusipopata kipimo Ijumaa, tunakifuta," alisema yule mama karani. "Na kama maji yameshuka zaidi ya pima moja, tunakifuta pia. Kitakuwa kinakauka."

Kisima kikishafutwa hakizibuliwi tena. Mchanga hukifukia, na mwenye kiu hupita hatua mia kando yake asijue.

Dada yangu, mkewe, hakutaka hata kusikia. "Bega ulilovunja ulipoanguka kutoka juu ya paa ndilo litakalobeba begi? Shati lenyewe nakuvalisha mimi."

"Basi nivalishe na begi."

Nikamwambia, "Shemeji, umri huu watu huzunguka nyumba mara mbili wakasema wamefanya mazoezi."

"Wewe zunguka magazeti yako. Mimi naenda kazini."

Akaondoka Jumatatu alfajiri na maji, mikate mikavu, turubai na kamba mpya. Yaliyompata huko nimeyachomoa kwake kidogo kidogo, maana si mtu wa kusimulia. Alitembea hadi jua lilipokaza, akatandaza turubai kati ya mawe mawili na kujilaza chini yake kama mjusi. Vivuli viliporefuka akainuka. Zamani aliinuka tu. Safari hii alianza kupiga magoti, akashika jiwe, akapumzika, ndipo akasimama. Jioni vigingi vya turubai vilikataa kushika mchangani, akavikandamiza kwa mawe. Viatu vilijaa mchanga. Alivivua, akavitazama, akavivaa tena vilevile. Hakuwa na nguvu ya kuvikung'uta.

Jumanne mchana akakuta mahali walipolala watembezi: duara la mawe yenye masizi, makopo, na lundo la chupa tupu za maji ya dukani. Kisima kilikuwa nyuma ya kilima kidogo tu. Walilala na kiu karibu na maji, simu zao mkononi.

Akashusha kamba, akasikia kopo likigusa. Akafunga kitambaa, akavuta, akanywa. Kisha akahesabu. Pima ishirini na moja na nusu. Akahesabu tena. Ishirini na moja na nusu. Akakaa pale ukingoni mpaka kivuli chake kikamhama, na siku mbili za kurudi alizitembea, nadhani, kama mtu anayetoka kuzika.

Alhamisi saa kumi jioni tulimkuta kizingitini, fomu ya ofisi juu ya goti.

"Kinakufa," alisema. "Nipeni kalamu."

Dada yangu akashika la nyumbani. "Kamba ya nguo ilikatika juzi. Hiyo umemaliza nayo? Nikatie pima tatu."

Akampimia kutoka ncha kavu, mbali na kitambaa, akakata. Dada akaenda kuifunga kwenye nguzo zake mbili, akarudi nayo mkononi.

"Haifiki."

"Pima tatu hizo."

"Pima tatu za nani? Miaka yote tatu inafika na ya fundo inabaki."

Tuliitazama kamba, sote watatu.

"Hebu nyoosha mikono," dada akasema.

Akanyoosha. Wa kushoto ulinyooka. Wa kulia, wenye bega lililovunjika, uliishia njiani, kiwiko kimepinda kama mkono wa birika.

"Kisima hakijashuka, baba," dada akamwambia taratibu. "Umepungua wewe."

Nikaleta tepu ya seremala. Kutoka kopo hadi kitambaa, meta thelathini na nne na kitu. Tuligawa kwa pima yake ya ujana, ambayo bado ina alama kwenye ukuta wa jikoni. Kumi na tisa.

Alicheka, akanywa kikombe kizima cha chai, akachukua kalamu. Chini ya kumi na tisa akaongeza: "Kwa tepu. Pima ya mpimaji haiaminiki tena."

"Shemeji, andika namba tu," nilimwambia. "Wakisoma hayo hawatakuita tena."

"Na nikinyamaza watanituma kisima kingine, nikakiue bure." Akainyoosha fomu kwa kiganja. "Nimechoka, lakini si kiasi hicho."

Ramani imetoka. Kisima kimo, nukta ya buluu ndogo kama punje ya mtama. Simu haijalia tena. Na dada yangu akitaka kukatiwa kamba, huniita mimi nije na tepu, naye Pima hushika ncha moja.